Kome Watatu wa Papa Zéphirin

Ukimpelekea Papa Zéphirin Kisimba gunia la maharagwe umwulize kama ni mazuri, hatachukua punje mbili akazitafuna kama watu wengine. Atatandika turubai uani kwake, hapa kambini Panda, mtaa wa kiwanda cha shaba mjini Likasi, amwage gunia zima, alikoroge kwa sepeto mpaka jasho limtoke, afanye kichuguu, akibonde kichwani kiwe bapa, kisha akikate kwa ubao mafungu manne sawasawa. Mafungu mawili yanayotazamana atayasukuma pembeni. Mawili yaliyobaki atayachanganya, afanye kichuguu tena, akate tena. Ataendelea hivyo mpaka gunia limekuwa konzi moja. Konzi hiyo ndiyo atakayoipika, na akishaionja atakueleza habari za gunia lote, wala hatakosea. Shida ni kwamba wewe ulikuwa na haraka, na kuku wa mtaa mzima wamekwisha kupata habari za yale mafungu ya pembeni.

Mkewe, Maman Eugénie, anauza samaki wakavu katika soko la Kikula. Alimkataza asikaribie meza yake tangu siku aliyokuta kapu jipya la dagaa limekatwa mafungu manne chini, wateja wakitazama.

"Zéphirin, nakulomba!" alipiga kelele. "Samaki iko na kichwa na mukia. Si majiwe ya kiwanda!"

"Kila kintu iko na échantillon, sampuli yake, Maman," alijibu bila kuinua kichwa. "Hata bibi."

Alifukuzwa kwa mizani.

Hakuwa mwehu. Kwa miaka ishirini na nane kazi yake ilikuwa kuchukua sampuli kiwandani. Treni ilifika na mabehewa arobaini ya mawe ya shaba, na Papa Zéphirin aliyapunguza kwa sepeto, kinu na chekecheke mpaka yakawa pakiti moja ya unga, ndogo kama pakiti ya majani ya chai. Mainjinia wenye tai waliipima pakiti ile, wakaamua juu ya treni nzima. Ikiwa mchukua sampuli amechagua mawe mazuri ili kumfurahisha mkubwa, treni nzima imedanganya. Hakuna pakiti yake iliyorudishwa hata siku moja.

Halafu ikaja miaka hii yetu. Tanuri zimepoa, mabati yanahama juu ya mapaa bila kuaga, na mahindi yameota pale wakubwa walipokuwa na maua. Mimi nilimaliza shahada ya biolojia Lubumbashi, nikarudi Likasi kufundisha katika shule ambako hata chaki mwalimu anakuja nayo mfukoni, na nasema wazi: mji huu haukuanguka, uliangushwa, na waliouangusha wanalala juu ya magodoro mazuri. Papa Zéphirin alinisikiliza nikisema hayo mara nyingi, kwa adabu. Lakini yeye alikuwa na kesi yake mwenyewe, ya tangu mwaka 1957, na kesi hiyo ilihusu kome.

Kome ni yule mnyama wa majini anayeishi kati ya makombe mawili yaliyounganishwa kwa bawaba, kama kitabu. Anajizika chini ya maji, anafungua mlango kidogo, anachuja chakula chake, na hamsumbui mtu. Katika ziwa la Lufira, upande wa Kapolowe alikozaliwa Papa Zéphirin, kuna maumbo matatu. Wa kwenye tope ni mpana, mwembamba wa ganda, amefura kama shavu la mpiga tarumbeta. Wa kwenye mchanga ni mrefu na mwembamba, kama mpini wa kisu. Wa kwenye mawe, pale maji yanapokimbia, ni mfupi, mnene, ameinama mgongo.

Mwaka ule wa 1957 alikuja Mzungu mmoja mkusanya makombe. Zéphirin, kijana wa miaka ishirini, aliajiriwa kupiga kasia. Kijana mwingine, Théophile Kabamba, karani mwenye soksi mpaka magotini, aliajiriwa kuandika karatasi za majina kwa mwandiko mzuri. Mzungu alipima makombe kwa rula ya chuma, urefu, kimo na unene, akatangaza kwamba ni spishi tatu. Akazipa majina matatu ya Kilatini: moja kwa heshima ya mama mkwe wake, moja kwa heshima ya mkubwa wa jimbo, na la tatu, inasemekana, kwa heshima ya mbwa wake.

Zéphirin aliweka kasia chini. "Bwana," alisema, "ni kome moya. Ile ya mu tope, ukiitia mu muchanga, itakomaa kama ya muchanga."

Bwana akamwambia apige kasia. Théophile akacheka.

Bwana alikwenda zake na makreti yake. Kicheko kilibaki. Kwa miaka thelathini na tisa Théophile ameishi nyumba ya tatu kutoka kwa Zéphirin, na ndani ya nyumba hiyo, katika mfuko wa plastiki, kuna kitabu cha Mzungu yule, ambacho ukurasa wake wa nne unamshukuru "Théophile, karani mwenye mkono safi." Mpiga kasia hakutajwa. Kila Jumapili baada ya misa kesi ilifunguliwa upya pale nje ya kanisa.

"Bwana Kasia, kome ngapi leo?" Théophile aliuliza.

"Moya."

"Kitabu inasema tatu."

"Kitabu ilikuwa mu mutumbwi. Minye nilikuwa mu mai."

"Muko bazee sasa," Maman Eugénie alisema akiwapita. "Mutakufwa na mutazikwa na kome yenu."

Papa Zéphirin hakuishia kusema tu. Alipokuwa likizoni, miaka ya sabini, alichukua kichujio cha mkewe cha aluminiamu, akatia ndani kome wachanga kumi wa tope, akawatia alama kwa tupa ukingoni mwa ganda, akafunika kwa wavu, akakizika kichujio katika mchanga wa ziwa. Kila likizo alikwenda kuwaamkia. Baada ya miaka minne kome sita walikuwa hai. Sehemu ya ganda iliyokuwa nyuma ya alama ya tupa ilikuwa pana na imefura. Sehemu iliyoota baada ya alama ilikuwa imejivuta, ndefu, kama nguo iliyoanzwa na fundi mmoja ikamalizwa na mwingine. Umbo halikutoka kwa ukoo, lilitoka kwa mahali. Alipomletea Théophile mmoja wa kome hao, karani alivaa miwani, akamgeuza mara tatu, akasema, "Iyi ni kilema." Na Maman Eugénie alitaka kujua kichujio chake kiko wapi.

Nilipenda sana kisa hicho, labda kuliko alivyotaka mwenyewe. Mnakumbuka mwaka wa 1992, vijana walipopita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani asili yake ni Kasai ili wamfukuze mjini, na kituo cha treni kikajaa watu, masufuria na magodoro. Baba yake Maman Eugénie aliletwa kutoka Kasai na kandarasi ya kazi, kabla ya vita vya Hitler. Vijana walisimama mlangoni. Papa Zéphirin alitoka na sepeto lake.

"Ingieni," aliwaambia. "Bantu ya mu iyi nyumba tulishakorogwa tangu miaka makumi mbili na tisa. Kateni fungu ine, mubebe mbili. Mukiona tofauti na zile zitabakia, mutaniita."

Vijana walilitazama sepeto, wakatazamana, wakakumbuka kazi nyingine mtaa wa pili.

Basi nilitaka kuandika makala. Nilikuwa na kichwa chake tayari, kome walioungana dhidi ya ukabila. Papa Zéphirin alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Prof, acha kome yangu. Kwa kukatala ujinga, muntu hana lazima ya kome."

Nikaiweka kalamu chini. Ila kuna kitu kimoja nilichokijua mimi ambacho yeye hakukijua, na siku moja ya mwaka 1995 nilimweleza. Siku hizi, nilisema, si lazima kugombania ganda. Katika kila kipande cha nyama ya kiumbe kuna maandishi ya urithi, yametoka kwa mama na baba. Wataalamu wanachukua kipande, wanasoma herufi zake, wanalinganisha. Wakiwa ukoo mmoja inaonekana, hata kama mmoja ni mpana na mwingine ni mrefu.

Alinifanya nirudie mara mbili. Kisha akauliza, "Na ile maandishi, Bwana anaweza kuigeuza?"

"Hawezi."

"Hata na rula ya chuma?"

"Hata nayo."

Kesho yake alikuja shuleni kwangu amevaa tai, akasimama mlangoni mwa darasa wakati nikifundisha, akasema, "Prof, andika barua."

Niliandika kwa Madame Laure, aliyetufundisha Lubumbashi kabla wageni hawajaondoka, na ambaye sasa alikuwa katika maabara ya urithi huko Ulaya. Jibu lilichukua miezi mitano. Alikuwa amefurahi. Alikuwa na nafasi ya vipande thelathini, lakini lazima vifike kabla ya mwisho wa Juni 1996, kwa sababu baada ya hapo mashine inapewa watu wengine na mkataba wake mwenyewe unaisha. Na kwa bahati Abbé Lambert wa parokia yetu alikuwa anasafiri katikati ya Juni kwenda kusoma hukohuko Ulaya. Angebeba yeye. Hakukuwa na msafiri mwingine, wala mwaka mwingine.

Habari zilifika nje ya kanisa kabla ya Jumapili. Théophile alikuwa amesimama na kitabu chake.

"Na maandishi ikisema tatu?" aliuliza.

Papa Zéphirin alivua kofia. "Ikisema tatu, nitasimama apa mbele ya bantu bote, nitasema Bwana alikuwa na haki na weye ulikuwa na haki ya kunicheka. Na kome sitaitaja tena mpaka kufwa."

"Na ikisema moya?"

"Utakifuta kile kicheko."

Wakashikana mikono. Nilimtazama mzee yule nikaogopa, kwa sababu mtu aliyenyang'anywa kazi, kiwanda na pensheni alikuwa ameweka mezani kitu cha mwisho alichobaki nacho, neno lake.

Nilimsomea maagizo ya Madame Laure kwa Kifaransa, kama yalivyoandikwa. Alitaka sampuli "représentatif", yaani wakilishi, za kila umbo, zilizohifadhiwa katika pombe kali. Papa Zéphirin aliposikia neno hilo, représentatif, uso wake uling'aa kama wa padri aliyesikia Kilatini. "Basi," alisema. "Iyi ni kazi yangu." Nikaridhika, nikaenda Lubumbashi siku kumi kwa mkutano wa walimu waliogoma, ambako tulipitisha maazimio kumi na saba.

Niliporudi zilikuwa zimebaki siku tatu padri aondoke. Papa Zéphirin alinisubiri uani, suruali imepigwa pasi, katoni imefungwa kamba. Nikaifungua. Ndani mlikuwa na pakiti tatu za karatasi, zimekunjwa pembe zote sawa, kama za kiwandani. Nikafungua moja. Unga wa kijivu, laini kama poda ya mtoto.

"Papa, kome ziko wapi?"

"Mu pakiti."

"Hii ni unga!"

"Nilichekecha mara mbili," alisema kwa kiasi, kama mtu asiyetaka kusifiwa sana. "Kome mia kwa kila fungu. Nilianika ku bati, kintu ya kukauka haina lazima ya pombe, nilisaga yote, nyama na ganda, nilikoroga, nilikata fungu ine mara tano. Hakuna hata moya nilibagua. Ile pakiti ni ziwa muzima, Prof."

Nilikaa juu ya ndoo. Nikamweleza polepole kwamba maandishi ya urithi ya kome mia moja waliosagwa pamoja ni kama barua mia zilizochanwa vipande na kutiwa kapu moja. Hakuna atakayezisoma. Halafu ganda linatakiwa zima, ili tujue maandishi haya ni ya umbo lipi. Madame anataka kipande kidogo cha nyama cha kome mmoja, peke yake, katika chupa yake.

"Moya?"

"Mmoja mmoja. Kumi kwa kila umbo."

"Kumi!" Alinitazama kama nimetukana. "Treni ya wagoni makumi ine, weye unaokota majiwe kumi, unasema ile njo treni? Na bale njo banajiita basomi?"

"Papa, ni kazi tofauti."

"Représentatif, Prof! Uliisoma weye mwenyewe, na miwani!"

Kosa lilikuwa langu, na nilikiri. Mwenye kustahili kusagwa nilikuwa mimi na maazimio yangu kumi na saba. Maman Eugénie alitoka jikoni, akaitazama pakiti, akasema kwamba sasa anaelewa kwa nini kuku wa Panda wiki hii wanataga mayai yasiyovunjika.

Papa Zéphirin alizifunga pakiti zake tena, pembe kwa pembe. Kisha akaingia ndani, akavua ile suruali ya pasi, akatoka na kaptura ya kazi. "Kesho asubui," alisema. "Kapolowe."

Kulikuwa na baiskeli mbili. Mimi nilipanda moja na mizigo. Ya pili alikuwa aipande yeye, lakini alfajiri tulimkuta Théophile mlangoni, mwavuli mkononi, kitabu kwapani.

"Nakwenda," alisema. "Mushahidi lazima awepo. Minye njo niliandikaka etiketi ya kwanza ya majina."

"Utakalia wapi?" Papa Zéphirin akauliza.

"Ku porte-bagage."

Na hivyo mpiga kasia alimbeba karani nyuma ya baiskeli kilomita zaidi ya thelathini, na karani alimsomea majina ya Kilatini kila walipofika mlimani.

Jambo la pombe tulikuwa tumelimaliza jana yake. Zahanati haikuwa na spiriti, haikuwa hata na mlango. Maman Marlène wa Kikula alitupikia lutuku, ile pombe ya mahindi na mihogo, akaipitisha kwenye bomba mara tatu badala ya mara moja. Aliijaribu kwa kuwasha tone kwenye kijiko. Ikawaka samawati bila moshi. "Iyi," alisema, "hata muzungu aliyekufwa itamulinda." Nesi mmoja alitupa vichupa thelathini vya penisilini vilivyochemshwa.

Ziwani Papa Zéphirin aliingia majini mpaka kifuani, akawa mtu mwingine. Miguu yake iliona. Alijaza beseni la kwanza kwenye tope, la pili kwenye mchanga, la tatu kwenye mawe, karibu mia kila moja. Nikainama kuchagua kome kumi wazuri wa tope, wale waliofura vizuri zaidi, ili Ulaya waone tofauti. Alinipiga mkono.

"Weye unafanya nini?"

"Nachagua."

"Unaiba!" Alikuwa amekasirika kweli. "Unabeba ile inakupendeza, halafu unasema ziwa iko vile? Toka."

Alilikoroga beseni kwa mikono miwili, akafumba macho, akatia mkono, akatoa mmoja. Akakoroga tena. Mara kumi kwa kila beseni, macho yamefumbwa, midomo ikihesabu. Théophile alisimama juu yake na mwavuli kuhakikisha kope hazifunguki.

"Unachungulia."

"Sichungulie."

"Lile jicho ya kushoto inatetemeka."

"Inatetemeka juu ya kusikia sauti yako."

Mimi nilikata kwa wembe ncha ya mguu wa kila kome, ule ulimi wa nyama anaotembelea, nikautia katika kichupa chake. Ganda lilipewa namba ileile na kubaki kwetu. Théophile aliandika karatasi za namba. Nilimpa penseli, akakataa. Karani wa daraja la kwanza haandiki kwa penseli. Nikachukua karatasi yake moja ya wino, nikaitumbukiza katika lutuku. Mwandiko mzuri uligeuka wingu la bluu, ukapotea. Théophile alilitazama wingu lile muda mrefu, kisha akaomba kisu ili aichonge penseli. Papa Zéphirin, ajabu, alimpa chake.

Abbé Lambert alivipokea vichupa thelathini ndani ya kopo la maziwa, akanusa. "Na ku uwanja wa ndege bakiniuliza?"

"Sema ni maji ya baraka, mon père," alisema Maman Eugénie.

"Baraka ya wapi inanuka hivi?"

"Ya Kikula."

Alikwenda. Juni ikapita, Julai ikapita. Kila Jumapili nje ya kanisa kesi iliahirishwa. Nilitambua kwamba wazee wale hawakujua tena la kuzungumza. Siku moja niliwakuta wamekaa benchi moja wakijadili mvua, wote wawili wamechoka sana.

Barua ilifika Oktoba, mikononi mwa mtawa aliyetoka Lubumbashi. Sikupata nafasi ya kuisoma peke yangu. Habari zilinitangulia, na nilipofika kwa Papa Zéphirin uani palikuwa pamejaa: majirani, wanafunzi wangu, wanawake wa soko, na Théophile kwenye kiti cha mbele, kitabu magotini. Papa Zéphirin alikuwa amesimama wima na tai yake. Miwani yake ilivunjika mwaka juzi, herufi ndogo zilimshinda, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi.

Nilisoma kwa Kifaransa moyoni na kwa Kiswahili kwa sauti. Vichupa vyote vilifika salama. Lutuku ilihifadhi vizuri kuliko spiriti ya dukani, na Madame Laure aliomba namna ya kuipika. Kuhusu kome, maandishi ya wa tope, wa mchanga na wa mawe yanalingana. Maumbo matatu, spishi moja. Ganda linafuata maji na mahali. Kwa kawaida ya wataalamu, jina la kwanza kuandikwa ndilo litakalobaki, na mengine mawili yatafutwa.

Kelele zilizopigwa zilisikika, nadhani, mpaka Kakanda. Maman Eugénie alipiga vigelegele. Papa Zéphirin hakuruka. Alifumba macho kama alivyofanya ziwani. Théophile alisimama polepole, akavua kofia.

"Zéphirin," alisema, "kile kicheko ya mu mutumbwi, nimekifuta." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Ile jina inabakia ni ya mama mukwe ao ya mbwa?"

Watu wakacheka, na mimi nikaikunja barua.

Nilikuwa nimeona aya ya mwisho. Niliisoma kwa macho, mistari saba, na ulimi wangu ukakataa. Mimi niliyefundisha kila siku kwamba nchi hii imeuawa na watu wanaosoma nusu ya ukweli, niliikunja karatasi pale pale na kusema, "Anawasalimu wote."

"Prof," Papa Zéphirin aliita.

"Papa."

"Ile salamu iko murefu."

"Ni salamu ya Kifaransa, Papa."

"Macho yako ilishuka mpaka chini ya karatasi, halafu ilirudia kunitazama minye." Alinyoosha mkono, akaikunjua barua, akaweka kidole mahali hasa. "Mustari saba. Minye nilitoaka pakiti miaka makumi mbili na munane. Siku moya injinia alisoma nusu ya juu, akafurahi. Nilimwambia, geuza. Soma, mutoto wangu."

 Nikasoma.

Madame Laure aliandika kwamba kuna jambo ambalo hakulitegemea. Kati ya vichupa kumi vya tope, viwili, namba nne na namba tisa, si ndugu wa wengine. Maandishi yao yako mbali kabisa. Ni kome wa spishi nyingine, wanaoishi katika tope lilelile pamoja na wale wa kwanza. Labda hawajaandikwa popote. Aliomba tutazame maganda na kumwambia tunawatambuaje.

Papa Zéphirin aliingia ndani, akatoka na sanduku la maganda. Akaweka mezani maganda kumi ya tope, namba zikiwa chini. Akaitoa namba nne na namba tisa, akazilinganisha na zile nane. Akapima kwa kidole urefu, kimo, unene. Akatazama bawaba, akatazama rangi ya ndani, akabisha kwa ukucha, akanusa. Nilihesabu dakika kumi. Kisha akazikoroga zote kumi, akafumba macho, akazipanga upya, akajaribu kuzitoa mbili zile. Akazigeuza kutazama namba. Alikuwa ametoa ya pili na ya saba.

"Sioni tofauti," alisema.

"Lete apa," alisema Théophile, akavaa miwani. Alizigeuza mara tatu, kama alivyomgeuza yule kilema wa zamani. Tulimsubiri acheke. Alikuwa na haki: aliyetangaza kwamba anawajua kome wote wa Lufira alikuwa amelala nao kitanda kimoja asijue wako wangapi. Karani alivua miwani. Lakini alipozirudisha mezani alisema tu, "Na minye sioni."

Maganda yalizunguka uani mikononi mwa kila mtu. Maman Eugénie, aliyepika kome tangu utoto, alishindwa. Mwanafunzi wangu mmoja alisema ameona, akashindwa mara mbili mfululizo.

Papa Zéphirin alilegeza tai. Nilifikiri ataondoka, aende kujifungia. Alivuta kiti, akakaa karibu nami, na usoni mwake nikaona kitu nilichokiona mara ya mwisho ziwani, alipokuwa majini mpaka kifuani.

"Prof, beba kalamu. Andika sasa sasa, kabla sijatafuta maneno ya kujitetea. Andika: Minye, Zéphirin Kisimba, nilisema kome ni moya. Juu ya tatu za Bwana, nilikuwa na haki. Juu ya ziwa yangu, sikujua. Ziko mbili, na kwa macho sizitambue. Nakwenda kuzitafuta."

Nikaandika.

"Ngoja kwanza," alisema Théophile. "Utaenda na nani?"

"Peke yangu."

"Na nani ataandika namba?" Alikivuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. "Prof, ongeza: Na Théophile Kabamba naye hakujua."

"Hapana," alisema Papa Zéphirin. "Barua ni yangu."

"Kukosa kujua si ya muntu moya! Minye niko ku Lufira tangu cinquante-sept, tangu mwaka ya Bwana, na soksi na yote. Tia jina yangu. Tena utie mbele, juu ya alfabeti. Ka inatangulia Ki."

"Alfabeti gani?" Papa Zéphirin alisimama, tai imepinda, akapiga meza mpaka maganda yakaruka. "Andika ya kwangu mbele, Prof! Nilizaliwa kule. Nilikuwa sijui miaka makumi mbili mbele ya huyu karani kufika!"